NDOA ISIYO NA MTOTO: MUME NA MKE WAPIMWE PAMOJA



Katika mikutano ya matawi tunazungumza habari ya mishahara, nyumba, malipo ya saa za ziada na vibarua wasioandikwa kazi ya kudumu. Lakini kuna jambo moja ambalo halitajwi mbele ya watu. Mkutano ukiisha, mwanachama hukuvuta kando, hutazama huku na huku, kisha husema kwa sauti ndogo kwamba ameoa miaka minne sasa na nyumba yake bado haijapata mtoto. Kutoka mashamba ya miwa ya Busia mpaka viwanda vya Tororo, pande zote mbili za mpaka, kwa Wasamia, Wateso, Wajapadhola, Wabukusu na Wajaluo, maneno ni yale yale.

Na karibu kila mara habari hufuata njia moja. Mke ndiye aliyepelekwa kwa mganga. Mke ndiye aliyekunywa mizizi. Mke ndiye anayeambiwa arudi kwao. Mume hajapimwa hata mara moja. Makala haya yanataka kusema neno moja tu: mtoto hutafutwa na watu wawili, kwa hivyo wote wawili wapimwe. Na ikiwa kazi ndiyo inayoharibu uzazi wa mfanyakazi, jambo hilo si la chumbani tena, ni la chama.

SI LAANA

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani hupatwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Madaktari huhesabu kwamba tatizo lipo ikiwa mume na mke wamekutana kwa kawaida kwa miezi 12, bila dawa wala kinga ya kuzuia mimba, na mimba haikupatikana. Mke akiwa amepita miaka 35 wasingoje mwaka mzima. Waende baada ya miezi sita.

Lakini tuangalie vizuri maneno hayo "wamekutana kwa kawaida". Yai la mwanamke hutoka mara moja kwa mwezi, kama siku 14 kabla ya damu inayofuata, na maisha yake ni kama siku moja tu. Mbegu za mume zaweza kungoja ndani kwa siku tano hivi. Kwa hivyo siku zenye nafasi ni kama sita katika mwezi mzima. Sasa mfikirie mwenzetu anayelala kwenye laini za kampuni na kwenda nyumbani siku mbili tu kila mwisho wa mwezi, au dereva wa lori anayekwama Malaba siku nyingi akingoja kuvuka. Siku zake na siku za yai zaweza kupishana mwaka mzima. Huyu pengine si mgonjwa hata kidogo. Anahitaji kalenda na ruhusa ya kwenda nyumbani kwa siku zinazofaa.

UGONJWA UNAOZIBA NJIA

Watu wa eneo hili wana sababu ya kujua habari ya kisonono. Katika tafiti zilizochapishwa mwaka 1973 na mwaka 1980, madaktari waliokuwa wakifanya kazi Uganda walilinganisha sehemu mbili: Teso, ambayo ni jirani yetu kwa kaskazini, ambako uzazi ulikuwa mdogo, na Ankole, ambako uzazi ulikuwa mkubwa. Waliona kwamba kisonono kilikuwa kingi zaidi huko Teso. Watu walisema ni laana ya ukoo. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa ugonjwa unaotibika.

Kisonono na klamidia huanza chini, kisha hupanda mpaka kwenye mirija ya uzazi. Humo huacha kovu, na kovu huziba njia ya yai. Ubaya wake ni kwamba mwanamke mara nyingi hasikii maumivu yo yote mpaka uharibifu umekwisha kufanyika. Mwanamume naye hasalimiki, maana ugonjwa huo huo waweza kuziba vijia vinavyopitisha mbegu zake.

Hapa wanaume tuambiane kweli. Mwenzetu akisikia moto wakati wa kukojoa, hukimbia kwa siri kununua vidonge viwili vitatu dukani. Maumivu yakipungua, hunyamaza. Mkewe hajui, hatibiwi, na baada ya wiki chache wameambukizana tena. Dawa nyingi za zamani hazikiwezi tena kisonono. Nenda zahanati, maliza dawa yote uliyopewa, na mke atibiwe siku hizo hizo. Hiyo ndiyo dawa ya uzazi iliyo rahisi kuliko zote.

Ziko sababu nyingine. Mimba iliyotolewa kwa njia ya hatari, au homa baada ya kujifungua, huweza kuziba mirija. Hata kifua kikuu hufika huko. Wako wanawake ambao mayai yao hayatoki kwa mpango, na wengine wana uvimbe ndani ya kizazi. Kwa wanaume, wako waliougua matubwitubwi wakiwa wamekwisha balehe yakashuka mpaka korodani, na wako wenye mishipa iliyovimba juu ya korodani. Kwa jumla, karibu nusu ya ndoa zinazohangaika zina tatizo upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na mke. Nguvu za kitandani si ushahidi. Mtu aweza kuwa hodari sana na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

KAZI NAYO IULIZWE

Mwaka 1977, katika kiwanda cha dawa za kuua wadudu huko Lathrop, California, Marekani, wafanyakazi waliokuwa wakichanganya dawa iitwayo DBCP walianza kuulizana wakati wa chakula: mbona wengi wetu hatupati watoto? Kila mmoja alikuwa akidhani ni shida ya nyumba yake. Chama chao kilisaidia wapimwe. Ikaonekana kwamba wengi wao walikuwa na mbegu chache mno, na wengine hawakuwa nazo kabisa. Tena ilijulikana kwamba tangu mwaka 1961 majaribio yaliyofanywa juu ya panya yalikuwa yameonyesha dawa hiyo huharibu korodani. Wafanyakazi hawakuambiwa. Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya dawa hiyo mwaka 1979, lakini ilikuwa imekwisha kumwagwa katika mashamba makubwa ya ndizi ya Costa Rica, Nicaragua na kwingineko. Maelfu ya wafanyakazi wa mashamba hayo walienda mahakamani wakidai fidia ya uzazi wao.

Ndugu, tazameni ni nani aliyegundua. Hakuwa daktari wala mwenye kiwanda. Ni wafanyakazi wenyewe, walipoacha kuona haya wakaulizana.

Na sisi tujiulize. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu mbegu hutengenezwa vizuri mahali penye ubaridi kidogo kuliko tumboni. Mtu anayesimama karibu na tanuri la saruji au boila ya sukari kila zamu, mwaka baada ya mwaka, anaweza kupungukiwa na mbegu. Anayeyeyusha risasi za betri kuukuu anavuta sumu inayojulikana kuharibu uzazi wa mume na wa mke. Anayepuliza dawa katika miwa na bomba linalovuja mgongoni, bila glavu, kisha anakula kwa mikono ile ile, haijui hata dawa yenyewe kwa jina. Jambo la kutia moyo ni kwamba mbegu mpya huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa. Mara nyingi mtu akiondolewa penye joto au sumu mapema, akaacha pombe nyingi na sigara, vipimo vya baadaye huonyesha nafuu.

SAFARI YA HOSPITALI

Wengi huogopa kwa sababu wamesikia habari za mamilioni. Lakini safari huanza na hatua ndogo, na wengi hupata msaada kabla ya kufika mbali.

Hatua ya kwanza ni kwenda wawili pamoja katika hospitali iliyo karibu, kama vile hospitali ya Tororo, ya Masafu, au ya Kaunti huko Busia. Mtaulizwa maswali mengi. Jibuni kweli, hata yale ya ujana. Mtapimwa magonjwa ya zinaa na virusi vya ukimwi.

Hatua ya pili ni kupima manii ya mume. Hakuna kisu wala sindano. Hukaa siku mbili mpaka saba bila kukutana na mke, kisha hutoa manii katika chupa safi, nayo hutazamwa kwa darubini. Kikionekana kipungufu, hurudiwa baadaye, maana kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Kipimo hiki ni rahisi kuliko vingi atakavyofanyiwa mke, kwa hivyo kitangulie. Haifai mwanamke apasuliwe kabla mumewe hajatoa chupa moja.

Hatua ya tatu ni kwa mke: kuangalia kama mayai yanatoka, kutazama kizazi kwa mashine ya picha, na kupigwa eksirei maalumu ambayo dawa hutiwa ndani ili ionekane kama mirija imefunguka. Kwa hatua hii pengine mtaandikiwa barua kwenda hospitali kubwa, kama Mbale, Kakamega au Eldoret.

Baada ya hapo matibabu hufuata sababu. Mayai yasipotoka, viko vidonge vya kuyaamsha, ambavyo lazima vitolewe na daktari. Uvimbe au mishipa yaweza kupasuliwa. Mbegu zikiwa chache kidogo, huweza kusafishwa na kuingizwa moja kwa moja katika kizazi.

Mirija ikiwa imeziba kabisa, kuna njia ya kutoa yai, kulikutanisha na mbegu nje ya mwili, kisha kurudisha mimba hiyo changa kizazini. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza mwaka 2004, kazi ya Dakta Edward Tamale Sali wa Kampala. Kenya ilifuata mwaka 2006, kazi ya Dakta Joshua Noreh wa Nairobi. Watoto hao ni watoto kamili kama wengine.

Lakini lazima tuseme kweli. Gharama ya jaribio moja hupita mshahara wa miezi mingi wa mtu wa kiwandani, na wa kibarua hupita wa miaka. Tena majaribio mengi hayafaulu, na mke akipita miaka 40 nafasi hupungua sana. Kabla ya kuuza shamba, mwulizeni daktari: kwa umri wetu na kwa tatizo letu, kati ya watu kumi kama sisi ni wangapi hupata mtoto? Asiyekubali kujibu swali hilo, awe mganga wa mizizi au mwenye koti jeupe, msimpe pesa yenu. Kuhusu sheria, Sarah Opendi, akiwa Mbunge wa Wanawake wa Wilaya ya Tororo, alipeleka muswada juu ya matibabu haya katika Bunge la Uganda mwaka 2023, na Kenya Millie Odhiambo amepeleka wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Sauti ya wafanyakazi nayo isikiwe, ili gharama zikumbukwe.

HESHIMA YA NYUMBA

Iko mila ya kumrudisha mke asiyezaa na kudai ng'ombe. Watu wa Tororo wajue kwamba shirika la MIFUMI, lililoanzia wilaya hiyo hiyo, lilipeleka habari ya mahari mahakamani. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mke si mali iliyonunuliwa kwa masharti ya kuzaa.

Na kwa wale ambao wamejaribu yote na mtoto hakuja: kuacha kutafuta si kushindwa. Kulea mtoto wa ndugu, au kuchukua mtoto kwa njia ya sheria, ni uzazi pia. Na mume na mke wanaoishi wawili tu ni nyumba kamili. Sisi majirani na wafanyakazi wenzao tuache yale maswali ya "mbona kimya?" na yale majina ya tasa na gumba. Maneno hayo huumiza kuliko sindano.

CHAMA KIFANYE NINI

Kila tawi lidai mambo haya katika mkataba wa pamoja:

1. Ruhusa ya kwenda hospitali kwa mume na mke wakati wa vipimo, bila kukatwa mshahara.

2. Mpango wa matibabu wa kampuni, pale ulipo, ulipe vipimo vya uzazi vya wote wawili.

3. Jina la kila dawa inayopulizwa na madhara yake yasomwe kwa Kiswahili au kwa lugha wanayoielewa wapulizaji.

4. Glavu, nguo na barakoa zitolewe bure, na watu wa tanuri na boila wabadilishane zamu.

Sheria ya usalama kazini ya Uganda ya mwaka 2006 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Kenya, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Mwulize mwakilishi wako kamati yenu ilikutana lini.

Na wewe mwanachama mwenye shida hii, usiibebe peke yako. Zungumza na mkeo leo jioni, mpange siku ya kwenda hospitali, na chupa ya kwanza iwe yako.

Umoja ni nguvu, hata nyumbani.