Soketi ya Kufungulia Injini ya Zamani

Watu wengi hudhani kwamba namba iliyoandikwa juu ya soketi ni upana wa nati. Kwa magari ya zamani ya Kiingereza, kama MG TC ya mwaka 1947, sivyo. Katika utaratibu wa Whitworth, ulioanza mwaka 1841, namba hiyo ni unene wa bolti yenyewe. Kwa hiyo soketi ya robo inchi ya Whitworth ina upana wa milimita 13.3. Soketi ya milimita 13 haiingii. Ya 14 huingia lakini hucheza, na ukiivuta kwa nguvu, pembe za nati huliwa.

Injini ya MG hiyo ina ajabu nyingine: vichwa vya bolti ni vya Whitworth, lakini meno yake ni ya milimita. Desturi hiyo ilitokana na kiwanda cha Hotchkiss, kampuni ya Ufaransa, ambacho Morris alikinunua huko Coventry mwaka 1923.

Basi, kwanza safisha kichwa cha bolti kwa brashi ya waya, kisha chagua soketi ya pembe sita inayobana, ndipo uvute. Tena usitupe bolti yo yote, maana ya kufanana nayo ni shida kuipata.