Maji Ndani ya Gari: Yaliingia kwa Njia Gani?

Katika sehemu nyingi za Uganda mvua kubwa hunyesha mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Katika miezi hiyo mwenye gari hufungua mlango asubuhi, akaweka mguu sakafuni, na zulia likatoa maji kama sifongo. Neno lake la kwanza, mara nyingi, ni kwamba mtoto aliacha dirisha wazi. Mtoto hukana, mama humtetea, na zulia huanikwa juani. Mvua ya pili ikinyesha maji hurudi, na safari hii kila mtu aliona kwamba madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Jambo hili halifai kupuuzwa, hasa na familia iliyonunua gari moja kwa akiba ya miaka mingi. Chini ya zulia kuna tabaka la sifongo au pamba nzito ambalo hushika maji kwa majuma kadhaa hata kama juu pamekauka. Bati la sakafu huliwa na kutu kimyakimya kutoka ndani, na mwenyewe hutambua siku ambayo tundu limekwisha kutokea. Ukungu huota, harufu huenea, na mtoto mwenye pumu hukohoa safari nzima. Usiku vioo hufunikwa na mvuke na dereva haoni mbele. Tena magari ya siku hizi yamejaa umeme mahali ambapo magari ya zamani hayakuwa na kitu. Chini ya viti hupita nyaya za mikanda na za mifuko ya hewa ya usalama, na katika baadhi ya magari visanduku vya kompyuta vimewekwa pembeni mwa sakafu. Gari ambalo taa ya onyo huwaka leo na kuzimika kesho, huku mafundi wakibadilisha kifaa baada ya kifaa, huenda lina ugonjwa mmoja tu, nao ni maji.

Kabla ya kumwita fundi, yapasa kwanza kujua ni maji gani. Chovyeni kidole. Maji ya mvua hayana rangi wala utelezi, isipokuwa yamebeba vumbi letu jekundu. Maji ya kiyoyozi nayo ni safi, lakini huonekana hata siku ya jua kali, na kwa kawaida upande wa mbele wa abiria. Kiyoyozi kinapofanya kazi hutoa unyevu kutoka katika hewa, na maji hayo hupita katika mrija mdogo yakadondoka chini ya gari. Mrija ukizibwa na vumbi, au nyigu wakijenga humo, maji hukosa pa kutokea yakamwagika ndani. Jaribio lake ni rahisi: washeni kiyoyozi kwa dakika kumi na tano, gari likiwa mahali tambarare, kisha inameni mwangalie chini. Pasipokuwa na tone hata moja, zibueni mrija kwa waya laini, polepole.

Maji ya rejeta ni habari nyingine. Yakiwa yametiwa dawa ya kupozea injini huwa na rangi ya kijani au nyekundu, huteleza kati ya vidole, na harufu yake ni ya utamu utamu. Hutoka katika rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Dalili yake kubwa ni kioo cha mbele kupata utando wa mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, na maji ya injini kupungua pasipo kuonekana yanakovuja. Dawa hiyo, katika aina nyingi, ni sumu, na kwa sababu ya utamu wake mbwa na watoto wadogo huweza kuilamba; gari la namna hiyo lisiwe mahali pa watoto kuchezea. Wengi wetu hutia maji matupu katika rejeta, na hapo rangi na harufu havitasaidia. Fundi mwangalifu, injini ikiwa imepoa, anaweza kuunganisha mipira miwili ya hita yenyewe kwa yenyewe ili maji yasipite ndani ya hita. Kama sakafu itakauka, jibu limepatikana.

Yakithibitika kuwa ni maji ya mvua, ndipo kazi hasa inapoanza, nayo huhitaji subira kuliko spana. Kosa linalotendeka kila siku ni kupaka gundi pale palipolowa. Maji hayakai yalipoingilia. Huingia kwenye kona ya kioo, yakafuata waya, yakapita chini ya zulia, yakatua mahali penye bonde. Gari lililoegeshwa mlimani, kama ilivyo desturi Kabale au katika vilima vya Kampala, likielekezwa juu hupeleka nyuma maji yote yaliyoingia mbele. Kwa hiyo kwanza kumbukeni gari lilikuwa limeegeshwa namna gani usiku ule.

Ondoeni mazulia madogo, inueni zulia kubwa kwenye kingo, fungueni vifuniko vya plastiki vya chini ya milango, mkaushe kila kitu. Kisha tandazeni magazeti makavu sakafuni. (Hata gazeti hili lafaa, likiisha kusomwa na nyumba nzima.) Nyunyizeni unga wa chaki au poda ya mtoto kando ya viungo vya bati na chini ya dashibodi, tone likipita litachora njia yake katika unga, nanyi mtaifuata kwa kurudi nyuma mpaka lilikotoka.

Sasa wanahitajika watu wawili. Mmoja huketi ndani na tochi, milango imefungwa. Mwingine husimama nje na mpira wa maji usio na nguvu nyingi, kwa kuwa mvua haipigi kama mashine za mahali pa kuoshea magari, na mashine hizo zaweza kupenyeza maji hata palipo pazima. Anzeni chini, mkapande juu. Sababu yake yafaa ieleweke vizuri: mkianza na paa, maji yatateremka juu ya kioo, milango na kila raba kwa pamoja, wala hamtajua ni wapi palipoyapokea. Mwagieni sehemu moja kwa dakika tano au zaidi kabla ya kuhamia nyingine. Wengi hushindwa hapa kwa haraka tu, kwani maji mengine huchukua muda mrefu kujaza kibonde fulani ndipo yafurike.

Iko njia nyingine isiyotumia mvua wala mpira. Fungeni milango na madirisha yote, washeni feni ya gari kwa nguvu yake yote ikivuta hewa ya nje, kisha pakeni maji ya sabuni nje, kando ya vioo na viungo. Hewa inayotafuta pa kutokea itapuliza mapovu penye ufa. Na wakati wa kiangazi vumbi lenyewe ni shahidi. Palipopenya vumbi la murram patapenya maji. Tazameni raba ya mlango: ikikutana vema na bati huacha mstari safi, na palipo na mchirizi mwekundu unaokatiza mstari huo, raba haigusi. Fungeni mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha mkivute. Kikiteleza bila kukaza, raba imelala.

Hata hivyo raba husingiziwa mengi. Wengi hawajui kwamba mlango wa gari umetengenezwa ili maji yaingie ndani yake. Mvua hupita kando ya kioo cha dirisha, ikateremka ndani ya mlango, ikatoka kwa vitundu vilivyoko kwenye ukingo wa chini. Kati ya tumbo hilo na chumba cha abiria pamebandikwa karatasi ya plastiki inayorudisha maji kwenye njia yake. Siku fundi anapofungua mlango ili atengeneze dirisha au atie spika za redio, huichana plastiki ile na kuitupa, akiona haina kazi. Kuanzia siku hiyo maji hupenya chini ya ubao wa mlango mpaka kwenye zulia, na mwenye gari hununua raba mpya bure. Kipande cha nailoni nzito na gundi nzuri hulimaliza jambo hilo. Nanyi mkifungua mlango mkasikia maji yakicheza ndani kama katika mtungi, zibueni vile vitundu vya chini, maana vimejaa matope.

Familia moja ya askari polisi, katika nyumba za kambi, ilihangaika karibu mwaka mzima na sakafu ya mbele ya gari lao dogo. Kioo kilitolewa na kurudishwa, kikapakwa silikoni, kisha silikoni nyingine juu yake. Mke wa askari ndiye aliyegundua kwamba gari lilipoegeshwa mbali na mwembe halikulowa sana. Walipofungua kifuniko cha plastiki kilichoko chini ya waipa, walikuta majani makavu yamejaa handaki lote. Handaki hilo hukusanya maji ya kioo cha mbele na kuyaelekeza pembeni, na humo humo ndimo feni inamovuta hewa. Mifereji ilikuwa imeziba, maji yakapanda mpaka kwenye tundu la hewa, yakaingia ndani kwa utulivu kabisa. Dawa ilikuwa mkono na ndoo.

Kuhusu silikoni, maoni yangu ni kwamba imeharibu magari mengi kuliko ilivyoyaponya. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi huita kutu katika bati. Tena mabaki yake huzuia gundi halisi ya kioo isishike. Vioo vya magari ya kisasa hugandishwa kwa gundi maalumu, navyo ni sehemu ya uimara wa gari. Katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria huegemea kioo hicho unapofumuka. Kioo kikivuja kwenye kona kitolewe, kutu ikwanguliwe, kigandishwe upya na mwenye ujuzi.

Juu ya paa chunguzeni matundu ya keria na shina la antena. Gari lenye dirisha la paa lina mirija pembeni mwake. Mimineni kikombe cha maji polepole mwone kama yanatoka chini ya gari. Nyuma, tazameni raba za taa, na vile vilango vidogo vya hewa vilivyofichwa nyuma ya bampa. Mtu mzima anaweza kulala ndani ya buti na tochi wakati mwenzake anamwaga maji, ufunguo ukiwa mkononi mwa huyo wa nje. Mtoto asitumwe kazi hiyo kamwe. Na kama sakafu hulowa baada ya safari tu, wala si gari likiwa limeegeshwa mvuani, tafuteni chini: vizibo vya raba vya sakafuni, au matundu yanapopita nyaya karibu na magurudumu.

Wanajeshi wanaoijua Land Rover ya zamani watacheka wakisoma haya. Gari lile, lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, na ambalo aina yake ya Defender ilikoma kutengenezwa Solihull mwezi Januari 2016, lina bodi ya vipande vya aluminiamu vilivyofungwa kwa skrubu na boliti, na kila kiungo ni njia. Anzeni na vilango viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, ambavyo vimo katika matoleo mengi, kwa kuwa raba zake hukauka na kupasuka. Kisha kagueni ukuta wa mbele, ambao ni wa chuma na si aluminiamu, nao huoza miguuni pa dereva.

Njia ikiisha kuzibwa, msilirudishe zulia siku hiyo hiyo. Liinueni juu ya vipande vya mbao, milango wazi, hewa ipite chini yake. Lile tabaka la sifongo litolewe kabisa likaanikwe peke yake, na palipoota ukungu pasuguliwe kwa maji yaliyotiwa siki kidogo. Tandazeni tena magazeti makavu katika sakafu tupu, mngojee mvua mbili au tatu. Yakibaki makavu, rudisheni zulia. Yakilowa, msiyatoe kwa hasira: tazameni ni ukingo upi uliolowa kwanza, na mwelekeze tochi juu ya hapo.