Mashine ya Kukausha Mahindi: Kikundi Kipime Nini Kabla ya Kununua?

Katika kaunti ndogo za Lugari, Likuyani na Malava, mahindi ya msimu mkuu huanza kuvunwa karibu na mwezi wa Agosti, na kazi huendelea kwa miezi kadhaa. Mara nyingi mvua ya alasiri huwa bado haijakoma. Mkulima huanika mahindi asubuhi kwenye turubai, ikifika saa nane wingu linafunga, mahindi yanakusanywa mbio mbio, na kesho yake kazi inaanza upya. Mahindi yanayokaa hivyo kwa siku nyingi bila kukauka hupata ukungu na kubadilika rangi. Mnunuzi akifika, huyakata bei au huyakataa kabisa.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi wanatamani kuwa na mashine kubwa ya kukausha nafaka, ile inayovutwa kwa trekta kutoka boma moja hadi jingine. Mwaka 2023 Serikali ya Kitaifa ilitangaza ununuzi wa mashine 100 za aina hiyo kwa ajili ya maeneo yanayolima nafaka. Lakini kikundi kinachotaka kununua ya kwake kinafaa kwanza kupiga hesabu. Mashine ndogo mno itaacha mahindi yakioza kwenye foleni. Mashine kubwa mno itakaa bila kazi huku mkopo ukiendelea kulipwa.

Kwa nini asilimia 13.5

Kiwango kinachokubalika cha unyevu katika mahindi nchini Kenya na Afrika Mashariki ni kisichozidi asilimia 13.5. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) na wasagaji wakubwa hupima unyevu kabla ya kupokea mzigo.

Kiwango hiki kinahusu afya pia. Mahindi yenye unyevu mwingi huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho na haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia, bali huzuia kuvu kuendelea kuota. Kwa hivyo mashine inafaa kufikia mahindi mapema, kabla hayajaharibika.

Gunia hupungua uzito, na hakuna aliyeiba

Jambo hili huleta ugomvi katika vikundi, hivyo ni vizuri lieleweke tangu mwanzo. Kukausha ni kutoa maji, na maji yana uzito. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 likikaushwa hadi asilimia 13.5 hubaki na kilo 83 hivi. Likiwa liliingia na asilimia 25, hubaki na kilo 78 hivi.

Kikundi kinahitaji mizani iliyokaguliwa na afisa wa vipimo wa kaunti, kipimo cha unyevu, na daftari. Kila mzigo uandikwe uzito na unyevu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, mwenyewe akishuhudia.

Anza na idadi ya magunia, si ukubwa wa mashine

Muuzaji akisema mashine yake ni ya tani 10, mara nyingi anamaanisha kiasi kinachoingia kwa mkupuo mmoja. Swali la maana ni hili: inakausha tani ngapi kwa siku, kutoka unyevu gani hadi unyevu gani? Mahindi ya asilimia 25 yana maji ya kutolewa kilo 133 kwa kila tani, na ya asilimia 20 yana kilo 75 tu. Mashine ile ile itachukua karibu muda maradufu kwa mahindi mabichi zaidi. Tena kuna muda wa kujaza, kupoza na kutoa mahindi, ambao kwa kawaida hauandikwi kwenye karatasi ya matangazo.

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima 120, kila mmoja akileta magunia 15. Hayo ni magunia 1,800, yaani tani 162. Kama kikundi kinataka kumaliza kwa siku 25 za kazi, kinahitaji kukausha magunia 72 kwa siku, sawa na tani 6.5. Mashine ya tani 4 inayofanya mikupuo miwili kwa siku inatosha na kubakisha nafasi.

Sasa tazama mashine ya tani 10 ikifanya mikupuo miwili kwa siku. Kwa siku 25 itakausha tani 500, ambazo ni zaidi ya magunia 5,500. Kwa kiwango cha magunia 15 kila mmoja, itahitaji wakulima 370 hivi ili isikose kazi. Mashine kama hiyo inafaa chama cha ushirika chenye wanachama kutoka wadi kadhaa, au mkulima mkubwa mwenye mamia ya ekari. Kikundi cha kijiji kimoja kitashindwa kuijaza.

Bei ya mashine kwa kila gunia

Tuseme mashine inagharimu shilingi milioni 3 na kikundi kinataka kuirudishia fedha zake kwa miaka mitano. Huu ni mfano wa hesabu tu, si bei ya mashine yoyote. Kila mwaka lazima zipatikane shilingi 600,000 bila kuhesabu riba. Ikikausha magunia 5,500 kwa mwaka, kila gunia linabeba shilingi 109. Ikikausha magunia 1,800 pekee, kila gunia linabeba shilingi 333, kabla ya mafuta, vibarua, usafiri na vipuri. Mkulima akiona gharama hiyo atarudi kwenye turubai, na mzigo wa mkopo utabaki kwa wachache.

Mashine inayoweza kukausha pia maharagwe, soya, mtama au mpunga hupata kazi miezi mingi zaidi. Muuzaji aulizwe kama ina nafasi ya kurekebisha joto na kasi kwa kila zao.

Moto unatoka wapi

Mashine nyingi za kuhamishika hutumia dizeli kupasha hewa joto. Kwa makadirio, mahindi ya asilimia 20 hutumia lita 8 hadi 13 za dizeli kwa tani, sawa na takriban lita moja kwa gunia. Mahindi ya asilimia 25 huweza kufika lita moja na nusu hadi mbili kwa gunia. Mkulima anayeanika kwa siku mbili za jua kabla ya kupeleka mahindi kwenye mashine hupunguza gharama hiyo sana.

Nyingine huchoma magunzi au kuni. Magunzi yanayobaki baada ya kupukuchua kwa kawaida yanatosha kukausha mahindi yale yale, mradi yawe yamekauka na kuhifadhiwa mahali pasiponyesha. Mashine ya magunzi iwe na tanuri lenye mabomba yanayotenganisha moshi na hewa inayopita kwenye nafaka. Moshi ukipita moja kwa moja kwenye mahindi huacha harufu na uchafu usiofaa kuliwa. Zaidi ya hayo, kuni zisikatwe msituni ili kulisha mashine.

Nguvu ya kuzungusha na barabara ya kupita

Feni na mitambo ya kuinua nafaka huzungushwa na shafti ya PTO ya trekta, na jenereta, au na umeme. Kikundi kisicho na trekta kikinunua mashine ya PTO kitakodi trekta kila siku ya kazi, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu. Mashine ya umeme mara nyingi huhitaji laini ya fezi tatu, ambayo haiko katika kila soko.

Mashine ikiwa na magurudumu haina maana kwamba itafika kila boma. Mvua ikinyesha, njia nyingi za ndani hugeuka matope, na mashine nzito ikikwama itavunja ekseli. Vikundi vingi vitafaidika zaidi vikichagua vituo vitatu au vinne karibu na barabara ya murami au lami, kwa mfano kwenye soko au kituo cha ushirika, kisha wanachama walete mahindi kwa zamu iliyoandikwa. Kituo kiwe na sakafu ngumu na paa la kukinga mahindi yanayosubiri.

Joto likizidi, mahindi huharibika

Kukausha haraka kwa moto mkali hupasua punje kwa ndani, na zikifika kwenye kinu huvunjika ovyo. Kwa mahindi ya chakula, joto la nafaka lisizidi nyuzi 60 za selsiasi. Kwa mbegu lisizidi nyuzi 43, la sivyo mbegu haitaota. Mashine iwe na kipimajoto kinachosomeka na kifaa cha kuzima moto wa tanuri joto likipita kiwango. Baada ya kukauka, nafaka ipozwe kwa hewa ya kawaida kabla ya kufungwa, kwa sababu mahindi ya moto ndani ya gunia hutoa jasho na kuota kuvu.

Makapi na vumbi viondolewe kwanza. Huziba njia ya hewa, na vikifika kwenye moto huweza kuwasha mashine nzima.

Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutia sahihi

1. Je, mashine inakausha magunia mangapi kwa siku kutoka asilimia 20 hadi 13.5, pamoja na muda wa kujaza na kutoa?
2. Inatumia lita ngapi za mafuta au kilo ngapi za magunzi kwa gunia?
3. Inahitaji trekta ya nguvu gani, au umeme wa aina gani?
4. Fundi wa karibu yuko wapi, na mikanda, beringi na kichomeo vinapatikana Kakamega, Webuye au Eldoret?
5. Dhamana ni ya muda gani na inajumuisha nini?
6. Nani atawafunza waendeshaji, na kwa siku ngapi?

Muuzaji aombwe kufanya jaribio kwa mahindi ya wanachama wenyewe, na kipimo cha unyevu cha kikundi kitumike kabla na baada. Malipo ya mwisho yasubiri jaribio hilo.

Kama hesabu haikubali

Kikundi kidogo hakijakosa njia. Kinaweza kukodi mashine kwa msimu, kupeleka mahindi kwenye kituo cha NCPB chenye huduma ya kukausha, au kuungana na vikundi jirani chini ya ushirika mmoja. Zipo pia mashine ndogo. EasyDry M500, iliyobuniwa nchini Kenya chini ya mradi wa AflaSTOP, hukausha kilo 500 kwa saa tatu hivi ikichoma magunzi.

Na kwa mkulima asiye na kipimo cha unyevu, chumvi inaweza kumsaidia. Atie kiganja cha mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, afunge, atikise, kisha aache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, yamekaribia, ila bado yapimwe kwa kifaa kabla ya kuuzwa au kuwekwa ghalani kwa muda mrefu.

Vikundi vinavyopanga kununua mashine kabla ya mavuno yajayo vinashauriwa kuandika idadi ya wanachama, magunia ya kila mmoja na unyevu wa kawaida wakati wa mavuno, kisha kupeleka orodha hiyo kwa afisa wa kilimo wa wadi. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote.