Pikipiki ya Umeme Iliyotumika: Betri ni ya Nani?

Wako kina mama miongoni mwetu wanaoletewa ombi kutoka Nairobi: kijana afanyaye kazi ya bodaboda au ya kupeleka vifurushi ataka aongezewe fedha anunue pikipiki ya umeme iliyokwisha kutumika. Fedha hizo mara nyingi ni za chama, au za kidani kilichowekwa kwa ajili ya shida. Basi na tutazame kwanza ni nini hasa kinachouzwa.

Katika pikipiki ya petroli mnunuzi husikiliza injini. Katika hii, thamani imo ndani ya betri, na betri huenda si ya muuzaji. Pikipiki nyingi za Spiro na Ampersand hutumia betri za kampuni: mpandaji hufika kituoni, hutoa iliyokwisha, hupewa iliyojaa, hulipa na kwenda zake kwa dakika chache. Auzaye pikipiki ya namna hiyo auza chuma, mota na magurudumu tu. Kampuni isipomtambua mnunuzi kuwa mteja wake, atabaki na pikipiki isiyokwenda. Wala betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika pikipiki ya nyingine. Sisi Waislamu hatuhitaji kuelezwa uzito wa kuuza kisicho milki yako.

Ya pili ni kama Roam Air, ambayo mtu aweza kuimiliki pamoja na betri yake na kuichaji kwa umeme wa nyumbani. Hapa swali lageuka: betri imechakaa kiasi gani? Kioo cha pikipiki huonyesha asilimia mia hata kwa betri iliyozeeka, kwa hiyo kisiaminiwe peke yake. Ijazwe, apakiwe abiria, ipandishwe barabara ya Waiyaki kutoka katikati ya jiji hadi Kangemi, kwani upande wa magharibi wa Nairobi ni wa miinuko, na mlima hula betri kuliko tambarare. Ikiwa kilomita 20 za kwenda na kurudi zimekula asilimia 30, betri nzima haitapita sana kilomita 65. Ikiwa zimekula 60, bei ishushwe, au mtu aondoke.

Kwa anayesaka abiria tangu alfajiri hadi usiku baina ya Kawangware, Kilimani na Westlands, sisi twaona ya kubadilisha betri yamfaa zaidi, mradi vituo viko katika njia zake mwenyewe. Avihesabu kwa macho, asitegemee ramani ya muuzaji. Aendaye kazini na kurudi tu, na achukue ya kuchaji nyumbani. Lakini wapangaji wa chumba kimoja wakubaliane kwanza na mwenye nyumba juu ya umeme, na betri isichajiwe chumbani walalamo watoto, wala mlangoni, kwani ikishika moto ndiyo njia ya kutokea.

Limebaki deni. Pikipiki nyingi za mjini zilinunuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji limo katika logbuku. Ainunuaye kwa mdomo hurithi deni, na mara nyingi riba ndani yake. Tena baadhi huweza kuzimwa kutoka mbali malipo yakikoma. Mama aliye Mombasa au Lamu aombe picha ya logbuku, kijana ailinganishe na namba ya chesisi, na fedha zitoke siku ambayo umiliki unahamishwa katika mtandao wa NTSA, si jioni ya kabla yake.