KANENO "RUN" KENYE KAZI MINGI



Tunasikia wadogo wetu wakilalamika kwamba Kingereza kiko kigumu juu ya maneno marefu. Hapana! Neno refu mara nyingi linafanana na Kifaransa, tunalitambua upesi. Kanakotusumbua ni kale kafupi. Leo tutazame "run", herufi tatu tu.

Wote tunajua "the boy runs": kijana anakimbia. Basi tunashika maana ile moja na kuipeleka kila mahali. Lakini angalieni:

– "The river runs to the lake": mto unatelemka mpaka ziwani.
– "Her nose is running": anatoka kamasi.
– "The engine is running": moteri inawaka.
– "My aunt runs a shop": shangazi anaendesha duka.
– "The child is running a temperature": mtoto ana homa.

Kule Uingereza, Bwana Peter Gilliver wa kamusi kubwa ya Oxford alifanya miezi 9 juu ya neno hili peke yake. Mwaka 2011 hesabu ikajulikana: maana 645, tena kwa kitendo tu!

Musiogope. Katika Kingereza cha zamani neno hili lilisema mambo mawili: mtu kukimbia na maji kutiririka. Ukikumbuka maji, mengi yanafunguka. Mto na kamasi ni maji yanayotembea; moteri na duka navyo vinatembea. Na "run out"? Ni kama maji yametoka yote, chombo kimebaki kitupu.

Hapo ndipo kuna hatari. Mganga akiandika "we have run out of medicine", mwenye haraka atasoma "tumekimbia nje ya dawa", acheke, aweke barua kando. Kumbe mganga anasema: dawa imetuishia, tuletee ingine! Mgonjwa atangoja bure juu ya maneno madogo matatu.

Tena tusicheke Waingereza. Sisi tunapiga ngoma, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti. Mgeni anayejua "piga" ya fimbo tu atatushangaa sana.

Basi shauri letu ni hili. Usiandike katika daftari "run: kukimbia", ukafunga. Andika sentensi nzima. Uliza: nani anafanya? Kaneno gani kanafuata? Kisha ndipo utafsiri. Siku ya mtihani wa Serikali hakuna kamusi mezani; kutakuwa tu ile sentensi na wewe.