Mji wa Maji na Mji wa Reli

Huko Ubelgiji kuna mji wa kale, jina lake Brugge. Mifereji ya maji hupita kati ya nyumba zake, na watoto hutembezwa kwa mashua chini ya madaraja ya mawe. Zamani mifereji ile ilileta mali: sufu ya Uingereza iliingia, nguo zikatoka. Baadaye mchanga na matope vikaziba mkono wa bahari uitwao Zwin. Meli hazikufika tena, wafanya biashara wakahamia Antwerp, Brugge ukawa maskini.

Na Lubumbashi je? Mto tunao, lakini ni mdogo, hauchukui meli. Maji yake huingia Kafubu, kisha Luapula, mwisho mto Kongo. Shaba haikuweza kufuata njia hiyo. Njia yake ilikuwa reli. Gari la moshi la kwanza lilitoka kusini, likafika mwaka 1910. Mwaka ule ule mji ukaanzishwa, ukaitwa Élisabethville hata mwaka 1966. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa karibu na mto.

Basi mtoto anayetaka kuujua mji huu na aanzie stesheni, si madukani. Kisha atazame lile bomba refu la moshi, na kilima cheusi kando yake. Kilima gani hicho? Ni mabaki ya tanuru, yaliyomwagwa miaka mingi. Kumbe ndani yake ilibaki kobalti! Tangu karibu mwaka 2000 mashine zilianza kukichimba. Babu zetu walikiona kikubwa zaidi.