HADITHI FUPI NA MOYO WA MWANAMKE

Hadithi fupi si riwaya iliyokatwa. Ni masimulizi ya jambo moja, ambayo mtu aweza kuyamaliza kabla taa hazijazimwa bwenini. Nataka kueleza namna hadithi za jinsi hii zinavyosema juu ya mwanamke, imani yake na tamaa yake.

Mfano mwema ni wa hapa Uganda. Mwaka 2005 Bi Doreen Baingana alitoa kitabu kiitwacho Tropical Fish, chenye hadithi nane za ndugu watatu wa kike wa Entebbe: Patti, Rosa na Christine. Mwaka 2006 kilipata tuzo ya Jumuiya ya Madola, upande wa Afrika, kwa kitabu cha kwanza cha mwandishi.

Patti ameokoka, naye yuko shule ya bweni. Anasali, lakini anatamani chakula cha wenzake. Jina la hadithi yake maana yake ni Njaa. Nani kati yetu asiyeijua njaa hiyo? Rosa anaumwa UKIMWI, naye anamwandikia barua mwanamume aliyempenda zamani. Mwandishi hamcheki Patti kwa kusali, wala hamhukumu Rosa kwa kupenda.

Sisi wa Ibanda, Kasese na Bwera tumezoea ushuhuda. Tangu uamsho wa Balokole ulipoanza kuenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, waliookoka husimama mbele ya watu na kuungama dhambi zao. Lakini ushuhuda husimulia vita vilivyokwisha: nilikuwa vile, sasa niko hivi. Hadithi fupi hututia katikati ya vita, mshindi hajajulikana bado.

Wengine husema kwamba vitabu hivi vyaharibu wasichana. Mimi sioni hivyo. Msichana anayedhani kwamba ni yeye peke yake anayesali na kutamani, hatamwambia mama yake wala mchungaji. Atanyamaza, na mtu wa kwanza mwenye maneno matamu atamdanganya. Akisoma habari za Patti na Rosa atapata maneno ya kuuliza. Nasi wavulana tutajua kwamba dada zetu wana mioyo inayoshindana kama yetu, tusiwachezee.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tuzisome hadithi hizi, kisha tuzungumze.